Maili Sita za Karani Mkuu

Tabora imeona mambo. Imeona misafara ya pembe, imeona Wajerumani wakija na wakiondoka, imeona uhuru ukipigiwa ngoma mpaka ngozi zikapasuka. Lakini mtu aliyehama nyumba yake kwa sababu iko karibu mno na kazi yake, huyo tulikuwa hatujamwona. Mwaka wa sabini na mbili tukamwona. Jina lake Lukumani!

Mimi nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali hapo mjini, naye Lukumani alikuwa karani. Wote wawili tulipanga mtaa wa Ng'ambo, nyumba moja, tumetenganishwa na ukuta tu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka ofisini ni dakika sita kwa mguu, saba kama kiatu kinabana. Mkewe Batuli akikaanga vitunguu, Lukumani aliijua mboga ya mchana bila kuinuka kitini pake ofisini.

Basi Jumatatu moja mkubwa wetu, Ndugu Kasimiri, akamwita. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai mlangoni, kwa hiyo nilisikia yote. Kazi ya tarishi ndiyo hiyo.

"Lukumani, karani mkuu amestaafu. Nakupa kiti chake kwa majaribio, mwezi mmoja. Sharti ni moja tu. Saa moja na nusu asubuhi uwe mezani. Ukichelewa mara tatu, kiti nakichukua."

Dakika sita kwa mguu! Hata kobe angekipata cheo hicho! Tangu anaanza kazi Lukumani alikuwa anakiota kiti kile, kina mto wa kijani na kinazunguka. Akatoka mle ndani kifua mbele, anatembea kama anakagua gwaride, akanipita bila kuniona na birika langu.

Jioni ile ile akanigongea ukuta.

"Omari, mimi Ng'ambo sikai tena."

"Kwani umefukuzwa?"

"Nani wa kunifukuza? Karani mkuu hawezi kutumia choo kimoja na tarishi."

Haya, jamani! Choo chenyewe nilikichimba mimi, tena kwa mikono hii, yeye akiwa amesimama pembeni ananiambia nipanue kidogo.

"Huko Dar es Salaam," akaendelea, "wakubwa hawalali karibu na kazi. Wanakaa nje ya mji, penye hewa. Asubuhi mtu anaingia mjini, jioni anarudi kwake. Anayelala karibu na ofisi ni mlinzi peke yake!"

Dar es Salaam hajawahi kuitia machoni. Habari hizo alisimuliwa na mpwa wa fundi saa, ambaye naye alikaa kule siku nne, tatu akiwa na homa.

Jumamosi ya kwanza akafunga tai, akapanda basi kwenda kukagua kijiji cha Puge kama kinamfaa kukaa. Akarudi kesho yake kajaa vumbi mpaka kope.

"Hewa je?" nikamwuliza.

"Hewa safi sana! Watu wakarimu, maziwa mpaka unayakataa. Lakini basi la kwanza linaingia Tabora saa tano."

"Na ofisi inafunguliwa saa moja na nusu."

"Omari, mimi ndiye karani mkuu. Saa za ofisi nazijua."

Jumamosi ya pili akapanda treni mpaka Usinge, huko kwenye misitu. Watu wa Usinge wakamsikiliza vizuri, wakamkaribisha kwenye kigoda, kisha mmoja akamwuliza: "Ndugu, kazi yako iko Tabora, mkeo yuko Tabora, sasa huku Usinge unakuja kulala tu?" Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote aliyoulizwa mwaka ule, na yeye akalicheka! Kilichomkatisha tamaa ni ratiba, maana treni ya kurudi ilipita saa tisa usiku, tena si kila usiku. Akarudi na debe la asali na jicho moja limevimba, kwa sababu alitaka kuonyeshwa mzinga kwa karibu.

Jumamosi ya tatu ndipo alipoipata pepo yake. Kijiji cha ujamaa, upande wa Kwihara, maili sita tu, kwenye njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani. Nyumba ya mwalimu aliyehamishwa ilikuwa tupu, na kijiji kikamwambia karibu, ingia. Akaazima baiskeli, akaondoka kule saa nane mchana ili apime mwendo, akatokea Ng'ambo anahema na saa mkononi.

"Dakika arobaini, Omari! Arobaini kamili! Barabara imenyooka, nyumba zimepangwa mstari mmoja kushoto na kulia, na njia nzima sikukutana na mtu hata mmoja!"

Hapo ningemzuia. Nasema kweli, ningemzuia, kwa sababu nilijua Jumamosi mchana kijiji kizima kiko bondeni kwenye shamba la pamoja, na majembe yao na wazee wao. Lakini nilikumbuka lile neno la choo. Nikamwambia hongera.

Jumapili akahama. Batuli alikuwa amenuna ndani ya gari la ng'ombe, amekumbatia sufuria. "Sokoni nilikuwa naenda kwa ndara," akaniambia, "sasa mume wangu amepata cheo, nitakwenda kwa siku mbili." Nikamsikitikia yule mama, maana hakuna aliyemwuliza.

Jumatatu asubuhi Lukumani akatoka kwake saa kumi na mbili na nusu. Tai, viatu vinang'aa, kengele ya baiskeli kri-kri-kri! Dakika arobaini, ishirini za akiba kwa ukubwa.

Nyumba ya kwanza, Mzee Luhende yuko nje anaota moto.

Sasa kwetu huku, mkubwa humsalimii ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka. Unaiegemeza. Unasogea, unainama kidogo, na unangoja mpaka mwenyewe amalize salamu. Mpita njia asiyejulikana anaweza kusamehewa. Mtu wa kijiji, aliyepewa nyumba ya mwalimu? Thubutu!

"Mwangaluka!" akasema mzee.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Mama watoto?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo mzee, ila nachelewa kidogo..."

"Umechelewa? Pole sana. Na huko kuchelewa kwako, umeamka salama?"

Nyumba ya pili, mama anapiga goti, na mama aliyepiga goti huwezi kumwacha chini. Ya tatu, mzee mwingine anataka kujua kama mjini mvua imenyesha. Ya nne wanataka chumvi. Ya tano wana barua ya kupeleka posta, lakini haijaandikwa bado, na wewe si karani? Kaa hapa uandike! Nyumba zilikuwa sabini na nane, na kwa sababu kijiji kilipangwa kisasa, milango yote ilitazama barabara.

Lukumani akaingia ofisini saa tatu. Ndugu Kasimiri akatazama saa ya ukutani, akasema neno moja tu: "Moja."

Jumanne akaamka alfajiri na mapema. Kosa kubwa! Kwa wakulima hiyo ndiyo saa ya mazungumzo, kabla jua halijawa kali. Wakafurahi kumwona ana nafasi. Wakamkalisha, wakampa uji, wakamwuliza habari za mjini tangu mwanzo. Yeye naye, mdomo haukumtulia, akaanza kujigamba: "Mimi na mkubwa wangu Ndugu Kasimiri ni chanda na pete! Asipokuwapo yeye, mimi mjini ni yatima!" Wakaguna kwa heshima. Akafika saa tatu na robo.

"Mbili," akasema Ndugu Kasimiri.

Jioni Lukumani akanifuata stoo. Kifua kilikuwa kimerudi ndani, na macho yamemtoka. Nilimwonea huruma, nakiri.

"Omari, ndugu yangu. Kesho nikichelewa kiti kinakwenda. Nifanyeje?"

"Rudi Ng'ambo."

"Watu watanicheka! Nimeaga mtaa mzima! Niambie, kuna mtu yeyote duniani anayeruhusiwa kupita kwa wazee bila kusalimia?"

Nikajibu kwa mzaha, Mungu anisamehe: "Labda anayekimbiza habari ya msiba."

Macho yakamng'aa. Mimi nikaendelea kuhesabu mifagio, sikujua nimesema nini.

Jumatano, kumbe, kijana wa watu alikata tawi la majani mabichi, alama ya msiba, akalifunga mbele ya baiskeli, akatokea barabarani anakanyaga kwa nguvu zote, huku anapaza sauti: "Msiba! Msiba mjini! Jamani, msiba!"

Ikawa ajabu. Wazee wakasimama, wakavua kofia. Akina mama wakakusanya watoto na mbuzi kando. Hakuna aliyesema mwangaluka. Maili sita kwa dakika thelathini na tatu! Nilipokuja kufungua ofisi nikamkuta kaketi kwenye ngazi, jasho linamtiririka, anacheka peke yake.

"Nimewaweza, Omari! Nimewaweza!"

Saa moja na nusu Ndugu Kasimiri alimkuta anazunguka kwenye kile kiti chenye mto wa kijani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapita.

Ilipofika saa nne nikasikia sauti kwa mbali. Nikadhani ni harusi. Nikatoka. La haula! Barabara yote imejaa watu! Mbele akina mama, nyungo za unga kichwani, wanalia. Nyuma yao vijana na mizigo ya kuni. Kisha wanaume na kuku wanaoning'inia miguu juu, na mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, aliyeahirisha shamba la ujamaa siku ile kwa ajili ya msiba. Kati yao Batuli, kanga kajifunga kiunoni, analia kuliko wote. Walitembea maili zote sita.

"Wako wapi wafiwa?" akauliza Mzee Luhende.

"Wafiwa wa nani, mzee?" nikamwuliza. "Shikamoo."

"Marahaba. Wa mkubwa wa ofisi hii. Tuliulizana, Lukumani mkewe yuko kwetu, watoto wako kwetu, mjini anamlilia nani vile? Tukakumbuka. Jana alituambia mwenyewe kwamba bila Ndugu Kasimiri yeye ni yatima."

Mlango ukafunguka. Ndugu Kasimiri katoka na kikombe chake cha chai.

"Kuna nini hapa? Nani amefariki?"

"Ndugu Kasimiri," akasema mzee kwa huzuni. "Mungu amlaze pema."

"Ndugu Kasimiri ni mimi."

Mama mmoja alikuwa ameshapandisha kilio, akakibakiza katikati, mdomo wazi. Mzee Luhende akamwangalia mkubwa wetu kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, akaweka kuku wake chini.

"Sasa mbona unakunywa chai?"

Kile kiti kinachozunguka kikaacha kuzunguka. Lukumani akaletwa nje, na pale mbele ya nyungo na kuni ikabidi aeleze. Akaeleza tawi. Akaeleza dakika arobaini. Alipofika kwenye kuwakwepa wazee, alikuwa anaongea na viatu vyake. Batuli akafuta machozi, akaanza upya, safari hii kwa hasira.

Ndugu Kasimiri alikuwa mtoto wa kijijini, na mambo hayo aliyajua. Unga uliotoka ndani kwa ajili ya msiba haurudi nyumbani. Watu walioacha shamba kuja kutoa pole hawawezi kuondoka bila mtu wa kuwapokea. Akanywa chai yake mpaka chini, akanikabidhi kikombe.

"Wazee wangu, hamkukosea njia," akasema. "Msiba upo. Karani wangu mkuu amefariki, sasa hivi, saa nne na nusu. Omari, leta mkeka. Lukumani ndiye mfiwa."

Nikautandika pale pale uwanjani, mbele ya madirisha ya ofisi zote. Lukumani akaketi na tai yake, miguu kaikunja. Makarani wakajazana madirishani. Yule aliyekuwa akimfuata kwa cheo alikwisha kwenda kukijaribu kiti.

Mzee Luhende akawa wa kwanza. Alikwisha elewa vizuri sana, mzee yule, na kwenye msiba utani unaruhusiwa. Akakaa kitako, akapiga makofi mawili polepole.

"Mwangaluka, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mama watoto?"

"Yule pale, mzee. Amenuna."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Pole sana kwa msiba. Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Siku ishirini na tatu, mzee."

"Masikini! Kachanga kabisa! Aliumwa nini?"

Lukumani akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ndogo mpaka ikabidi nisogee nisikie.

"Haraka, mzee."

"Aa," akasema Mzee Luhende, akajiweka vizuri mkekani. "Basi sisi hatutakuharakisha."

Nyuma yake mstari ulikuwa umefika barabarani.