Vita vya Tsedale na Mwezi Uliopotea

Sogeeni, enyi mliozaliwa katika mwezi wowote ule, wa mvua au wa jua. Tafuteni pa kukaa vizuri, kwa maana habari hii ni nzito na haisikilizwi kwa kusimama. Ni habari ya Tsedale binti Wondimu wa Addis Ababa, mhandisi mwandamizi wa tovuti, mfungua mafundo, msomaji wa yasiyosomeka, aliyetoka kwenda vitani Ijumaa moja ya mwezi wa Hidar dhidi ya tarakimu, akashinda.

Miaka kumi na miwili alikuwa katika uwanja ule. Alianza kwa kufufua kompyuta za vibanda vya intaneti kule Piassa, akajifunza lugha za mashine moja baada ya nyingine, akaiangusha tovuti ya muuza viatu mara mbili na kuiinua mara tatu, akapanda ngazi hadi wenzake wakawa wanamletea msimbo wao kama watu wapelekavyo mtoto mwenye homa kwa tabibu. Wala hakuwashinda kwa wepesi wa vidole. Yeye alisoma kwanza, akauliza, akasoma tena, ndipo akaandika. Na mara nyingi alichofuta kilizidi alichoandika.

Saa nne asubuhi, ngazi za ghorofa ya tatu, juu ya duka la keki pale Bole, zikatoa kishindo, na mlangoni akatokea Mama Yeshihareg, mwenye miaka sitini na saba, amejitanda shuka jeupe la pamba, miguuni viatu vya kukimbilia vya rangi ya chungwa, mkononi cheti cha ubatizo ndani ya mfuko wa nailoni. Akauliza mwenye tovuti ya mbio za wazee ni nani. Macho yote yakamgeukia Tsedale, kama majeshi yamgeukiavyo jemadari pale mambo yanapoharibika.

"Mashine yako inasema sikuzaliwa," akanena mama. "Siku tatu naijaribu. Sasa huyu aliyepanda ngazi zako akahema ni nani?"

Tsedale akampa kiti na maji, akamsikiliza. Mbio zilikuwa za Jumapili, kilomita kumi, na mlango wa kujiandikisha ungefungwa Ijumaa hiyo hiyo saa sita mchana. Mama Yeshihareg alikuwa amejinoa masika yote kwenye miteremko ya Entoto, kwa kuwa alipokuwa na miaka kumi na sita aliwaacha nyuma wavulana wote wa shule yake, na baba yake akavificha viatu vyake. Miaka hamsini na mmoja alikuwa akiisubiri Jumapili hiyo.

Tsedale akamwomba ajaze fomu mbele yake, maana shujaa wa kazi hii hampigi nyoka ambaye hajamwona. Jina likapita. Mwaka ukapita. Kwenye mwezi msafara ukakwama: orodha ya miezi ya Kiethiopia ilianzia Meskerem ikaishia Nehasse, miezi kumi na miwili, na baada ya hapo pakawa peupe kama jangwa. Pagume, mwezi wa kumi na tatu, ule mfupi wa siku tano, au sita kila mwaka wa nne, unaoufunga mwaka, haukuwemo.

Robel, mhandisi mwenzake mwenye ndevu nyingi na subira haba, akatoa shauri. "Mama, weka tu tarehe thelathini Nehasse. Nani atakuuliza?"

"Mama yangu ataniuliza," akajibu. "Alinizaa tarehe tatu Pagume, siku ya malaika Rufaeli, mvua yake ya baraka inanyesha, akaninawisha kwa mvua hiyo kabla hajaninyonyesha. Unataka nimwambie haikunyesha, mwanangu?"

Robel akainama, akaona kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa upya.

Ndipo akaja bosi wao, Kassahun, ambaye wote walimwita Gashe kwa heshima, mlinzi wa sheria kuu ya nyumba ile: Ijumaa hakuna kugusa tovuti iliyo hewani.

"Dada yangu, kikianguka kitu leo, nani atakiinua wikendi nzima?" akauliza. "Ngoja Jumatatu."

"Jumatatu mbio zitakuwa zimekwisha, Gashe. Nikiiangusha, nitaiinua mimi. Nikishindwa, Jumapili nitambeba mama huyu mgongoni kilomita zote kumi."

Kassahun akampima mama kwa macho, akampima na Tsedale, akasema haya, endelea.

Basi Tsedale akazama katika msimbo wa kale, akapita vichochoro ambavyo hakuna aliyevikanyaga kwa miaka, hata akamkuta adui amejikunyata kwenye mstari mmoja: kumi na mbili. Akafungua kumbukumbu zinazoonyesha kila mstari uliandikwa na nani. Zikamwonyesha jina: Tsedale Wondimu, miaka tisa iliyopita. Akakumbuka jinsi alivyoiokota kalenda ya kigeni, akabadilisha majina ya miezi tu, na jioni ile akajiona bingwa.

Robel akauliza ni nani aliyeandika upuuzi ule.

"Namfahamu," akasema Tsedale. "Alikuwa na haraka."

Robel akataka tarakimu ibadilishwe iwe kumi na tatu, wamalize. Hapo ndipo cheo cha Tsedale kilipojitokeza. Miezi mingine yote ina siku thelathini, akamkumbusha. Tukifanya hivyo, kesho watu watazaliwa tarehe ishirini na tano Pagume, nasi tutawapokea. Akaandika kwanza majaribio: tarehe tatu ikubaliwe, ya saba ikataliwe, ya sita ipite katika mwaka wake wa nne tu. Kisha mistari mitano, si zaidi. Kisha akampa Robel aikague, kwa kuwa hakuna askari wa kweli anayejikagulia upanga. Robel akakagua kwa kisasi, akagundua siku ya sita imewekwa mwaka mmoja kando. Tsedale akamshukuru mbele ya watu wote, akarekebisha.

Saa tano na robo akabonyeza, msimbo mpya ukaenda hewani. Mama Yeshihareg akajaza tena kwa kidole kimoja, na skrini ikajibu: Karibu mbioni, Yeshihareg. Akaisoma kimya mara mbili. Mara ya tatu akaisoma kwa sauti, kisha akapiga vigelegele hadi wauza keki wa chini wakatoka nje kutazama ni harusi ya nani.

Lakini Tsedale hakuketi. Ikiwa mmoja amepanda ngazi, akawaza, wangapi hawakupanda? Akachungulia fomu zilizokwama kwenye mwezi, akapata kumi na tisa, kila moja na namba ya simu. Wakagawana, hata Kassahun, wakapiga. Mzee mmoja alisema alidhani ni vidole vyake vimechoka. Mwingine alisema magoti yake yalikwisha kumshukuru Mungu, asibughudhiwe. Huyo akaachwa; wengine wote wakaingia, wa mwisho dakika moja kabla ya mlango kufungwa.

Basi na iandikwe, na mwenye kalamu nzuri aitie mapambo: kwamba Ijumaa ile, saa sita kasoro dakika moja, Tsedale binti Wondimu aliurudishia mwaka siku zake tano, na kila mwaka wa nne siku sita, pasipo damu kumwagika. Dunia ikaendelea kuzunguka kama ilivyozoea, ila tangu hapo inamaliza mzunguko wake.