Ufunguo wa Tanuri la Saint-Fulcran

Mheshimiwa Meya na diwani wako mmoja aliyefika. Baba Paroko wa vijiji kumi na vinne, ambaye najua umeacha gari likinguruma. Kamanda wa wazimamoto wa kujitolea. Mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji pamoja na mbwa wako. Mabibi na mabwana wote wa Saint-Fulcran-des-Noyers, mlioketi juu ya matita ya kuni kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa.

Mimi, Anselme Boutaric, Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi ya wilaya, nimekuja kuzindua rasmi Jumba la Tanuri la Kijiji. (Makofi ya Mheshimiwa Meya.) Naomba nieleze polepole, maana jambo la kitaalamu halimezwi kama supu. Miaka sita iliyopita niligundua kwamba mababu zenu walioka mikate katika tanuri hili la mawe kwa karne tatu bila mkakati wowote. Nikalitia kufuli, lisije likachakaa kabla ya kukarabatiwa. Tangu hapo tumefanya upembuzi yakinifu kwa awamu tatu, tumeshirikisha wadau, na uchakavu utokanao na matumizi umeshuka kwa asilimia mia moja. (Sauti: "Na mikate vilevile, Mwenyekiti." Vicheko.)

Sijamsahau Bibi Léontine Vayssade, mwenye miaka themanini na tisa, mtu pekee aliyebaki anayejua kulisoma joto la tanuri kwa kunyunyiza unga ndani yake na kutazama unavyogeuka rangi. Ameandika barua kumi na moja akiomba aruhusiwe kumfundisha mpwa wake Solène kabla hajafa. Barua zote tumezihifadhi mahali pakavu. Bibi, kamati inakuomba subira. (Bibi Léontine: "Subira ninayo, Anselme. Magoti ndiyo sina.")

Sasa tazameni nyuma yangu: kuta mpya, paa la vigae, madirisha ya mbao za mwaloni. (Upepo unavuma. Ukuta wa kushoto unajikunja.) Tafadhali msiguse, rangi haijakauka.

Kwa mujibu wa itifaki, namkabidhi Bibi Léontine ufunguo halisi wa tanuri, kwa ajili ya picha ya gazeti, kisha ataurudisha. Tabasamu, Bibi. Vizuri. Sasa ule ufunguo. Bibi? (Bibi Léontine na Solène, mwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa, wanapita nyuma ya ukuta. Kufuli linalia. Watu wanainuka, kila mmoja na tita lake.)

Tuendelee. Urithi ni maendeleo! (Watu wanazidi kupita nyuma ya ukuta.) Tanuri letu, kesho yetu! (Mbwa anabweka.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bwana Hippolyte, mchora mabango, aliyelichora jumba hili lote juu ya turubai kwa siku mbili tu. Nawashukuru mafundi na wafadhili, ambao tutawatafuta. Na kuhusu moshi huo unaopanda nyuma ya turubai, nawahakikishia waandishi wa habari kwamba ulikuwamo kwenye mpango tangu awali. Asante kwa kunisikiliza, Mheshimiwa Meya, popote ulipo.

(Sauti ya Bibi Léontine, nyuma ya turubai: "Anza na kuni ndogo, Solène. Unga baadaye, mawe ya juu yakishakuwa meupe kwa joto. Na wewe, Meya, usizibe mlango.")