Utitiri wa Kornélia

Jumatatu, 7 Oktoba
Mjini Kőszeg, Hungaria. Baridi ya kistaarabu. Nimeupata. Utitiri mmoja, mdogo kuliko chembe ya chumvi, kutoka udongo wa mwaridi ulio juu ya kaburi la marehemu mke wangu, Kornélia. Jamaa wote wa utitiri huu wana jozi kumi za nywele mgongoni. Huu una tisa. Nimehesabu mara tatu, ya tatu nikiwa nimepiga magoti. Spishi mpya, basi, nayo itaitwa kwa jina la Kornélia. Jirani yangu Ödön aliipa spishi yake ya utitiri jina la mbwa wake, Bodza. Mwaka wa sita sasa mbwa yumo vitabuni, mke wangu hayumo. Mungu anisamehe, inaniuma.
Nimeupiga brashi kidogo. Mapadre walionisomesha walisema usafi ni nusu ya adabu.

Jumanne, 8 Oktoba
Ödön alikuja kuazima sukari. Hatumii sukari. Kabla hajaingia nikawahi kuweka utitiri mwingine, wa kawaida kabisa, chini ya hadubini. Akachungulia, akasema huo hata Bodza angeutambua kwa kunusa. Nikamshukuru. Udanganyifu huu nitauungama Jumamosi.

Jumatano, 9 Oktoba
Kesho anakuja Daktari Piroska wa makumbusho. Nimeusugua tena utitiri wangu, nikahesabu upya. Jozi saba. Naomba radhi kwa kosa la Jumatatu. Macho ya uzee. Kumbe ni mpya kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nilimbusu Daktari mkono, nikamkatia keki ya mbegu za popi. Ödön akajitokeza bila kualikwa, na mbwa wake. Daktari alichungulia kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama nilikuwa nimeusafisha. Kila siku, nikajibu, kwa fahari. Akanionyesha vitundu mgongoni: unywele ukidondoka, kitundu chake hubaki. Akaniomba nihesabu vitundu. Jozi kumi. Ni spishi ile ile ya Bodza.
Ödön alicheka hadi akashika meza. "Vendel bwana, umemnyoa mdudu wa watu kipara, halafu unataka kumbatiza."
Kisha akainama kumpapasa mbwa. Akasema Kornélia ndiye aliyekuwa akimpa Bodza maganda ya soseji kupitia uzio wetu, na kwamba alikuwa amemkataza Ödön asiniambie. Nilikuwa sijui. Nikamkatia Ödön keki. Mbwa naye nikamkatia.

Jumapili, 13 Oktoba
Baada ya misa, kaburini. Nilimwomba Kornélia msamaha, nikachota udongo, kijiko kimoja tu. Nimepata mwingine. Vitundu nimevihesabu kama nilivyofundishwa: jozi kumi, kila kimoja na unywele wake. Mgongo sitaugusa tena, naapa. Ila miguu ilikuwa na matope, aibu tupu, nikaisugua kwa brashi ngumu zaidi.
Jamaa zake wote wana kucha tatu katika kila mguu. Huu una moja.
Daktari nimekwisha kumwandikia.