Bia ya Beberu

Jumatatu, 27 Aprili 1998

Bahati imebisha hodi, nami nimefungua mlango kabla haijamaliza kubisha! Bwana Brandl, meneja wetu Mjerumani, amerudi Diani kutoka likizo na makreti ya bia ya kijijini kwao. Bia kali, rangi ya dhahabu, ambayo wao huinywa kila unapoingia mwezi wa Mei. Kwenye lebo kuna mbuzi dume, pembe juu, kifua mbele. Jina lake ni bok, yaani beberu. Gedion, mwenzangu wa baa, akanong'ona kwamba mabeberu tuliwafukuza zamani na sasa wanarudi ndani ya chupa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Sicheki na adui.

Maana habari ni hii. Mvua haikatiki, wageni wamepungua, na hoteli haiwezi tena kuweka watu wawili baa. Alhamisi mimi na Gedion tutashindana. Kila mmoja atamimina chupa yake mbele ya meneja, aionje, aieleze. Mshindi atakuwa mkuu wa baa na ataongoza sherehe ya bia siku ya Ijumaa. Aliyeshindwa atapelekwa kwa dobi kukunja mashuka.

Meneja akatuuliza kama bia tunaijua. Gedion akasema bado anajifunza. Maskini! Mimi nikasema nimelelewa nayo. Kwa kweli nimelelewa na uji. Lakini vyote si nafaka?

Jumanne, 28 Aprili

Claire wa mapokezi amenipa gazeti lililoachwa na mgeni. Ndani mna makala nzima kuhusu waonjaji! Mwonjaji huizungusha glasi, huinusa, hupiga funda moja, halafu hutema. Hutema! Ustaarabu ulioje. Claire akasema makala yenyewe ni ya divai. Nikamwambia kinywaji ni kinywaji. Akacheka. Ana kicheko kizuri, angekitumia kwa mambo mengine.

Jambo jingine la maana: kinywaji kikipoa kupita kiasi hupoteza harufu, kinakuwa bubu kabisa. Nimeikunja kona ya ukurasa huo.

Waonjaji husikia mkate, asali, maua, nyasi mbichi. Basi ulimi wangu lazima ufundishwe. Jioni nikaingia uani kwa Mama Kadzo, mwenye nyumba wangu hapa Ukunda. Nikaanza na jani la mwarobaini. Uchungu ulinitoa machozi. Kisha nyasi. Nilikuwa nimepiga magoti, macho nimefumba, natafuna taratibu ili nisikie vizuri. Kufumbua: Mama Kadzo kasimama mbele yangu, na ubavuni mwake beberu wake mweusi, wote wawili wananitazama.

Nikasema shikamoo, nyasi mdomoni.

Akaitika marahaba, polepole sana. Akauliza kama siku hizi hoteli hawatupi chakula. Nikamweleza kwamba haya ni mafunzo ya kazi. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali wa nazi na samaki.

"Kula, mwanangu," akasema. "Nyasi ziache, zina mwenyewe."

Jumatano, 29 Aprili

Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda Tiwi, mangweni kwa Boga, kwenye kilabu cha tembo, kuzoesha kichwa kwa pombe ya mnazi. Hesabu yangu: mtu asiyetikiswa na mnazi hawezi kutikiswa na Mjerumani.

Nikainusa kata. Nikaizungusha. Nikatangaza kwa sauti kwamba nasikia chachu changa, nasikia dafu, nasikia kwa mbali jua la asubuhi juu ya kuti. Nikatema. Wazee wakahama benchi. Boga mwenyewe akaja na kunishika bega kwa upole.

"Ndugu yangu, mnazi hunywewa. Hauhubiriwi."

Basi nikaunywa. Jinsi nilivyorudi Ukunda sijui vizuri. Nadhani niliimba.

Alhamisi, 30 Aprili

Siku kuu! Kichwa kinauma, lakini akili imewaka kama karabai.

Asubuhi Gedion alikuwa akisugua glasi zake kwa maji matupu, bila sabuni, eti sabuni huua povu. Anapiga mluzi. Chupa zetu zimo kwenye friji la baa, kila moja na karatasi ya jina. Nikaikumbuka ile kona niliyoikunja. Bia ikipoa mno huwa bubu! Basi Gedion alipokwenda kula, nikaichukua chupa yake na kuizika ndani ya friza la samaki, chini ya changu na tasi. Nilikusudia kuiacha kidogo tu. Lakini meza ya Waswisi wakataka kahawa, kisha chai, kisha kahawa tena. Niliporudi, bia ilikuwa imejaa sindano za barafu. Safi! Nikaifuta, nikairudisha mahali pake. Karibu nibusu friji.

Saa ya shindano. Meneja kwenye kiti, Claire na wafanyakazi wamezunguka, mvua inapiga makuti. Nikaanza mimi. Nikamimina, nikazungusha, nikanusa, nikapiga funda, nikatema ndani ya chungu cha maua. Pwaa!

Bwana Brandl akawa mwekundu. Bia ya kijijini kwake! Akasema bia haitemwi, uchungu wake husikika kooni, nimeze kama binadamu. Nikameza. Mama yangu! Laini kama hariri. Nikameza tena. Nguvu yake haikupigi, inakukumbatia, halafu unagundua imekukalia. Maneno ya gazeti yakanitoka yote kichwani, nikasema yaliyokuja: ni ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi, limepakwa asali kidogo, na unapotaka kuomba jingine, uchungu unakupiga kikofi cha shavu kwamba acha ulafi.

Meneja akapiga goti kwa kiganja. Ndiyo yenyewe! Wakapiga makofi. Hata Claire! Nikajiona mkuu wa baa tayari, na kitambaa cheupe begani.

Zamu ya Gedion. Akainamisha chupa. Barafu ikabaki ndani, kikatoka kimiminika kidogo, kizito, cha rangi ya shaba. Nikauma kidole nisicheke. Meneja akaonja. Akaonja tena. Machozi! Akasema babu yake aliigandisha bia namna hii, akatupa barafu, akabakiza moyo wa bia peke yake. Hakuwahi kuionja tena tangu mzee alipozikwa. Akauliza nani alimfundisha Gedion.

Gedion akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Mwizi yule akasema ni siri ya kazi.

Sikuvumilia. "Ni mimi!" nikapiga kelele. "Mimi ndiye niliyeigandisha! Ni ufundi wangu!"

Kisha Claire, kwa sauti tamu ya mapokezi: "Sasa Tobias, mbona uligandisha chupa ya Gedion, yako ukaiacha?"

Nikakibeba chungu cha maua, nikaenda kukiosha.

Ijumaa, 1 Mei

Gedion ni mkuu wa baa. Kavaa tai. Mimi nimepewa kazi ya mwisho kabla ya kwa dobi: kumwongoza beberu wa kweli kwenye sherehe. Ni beberu wa Mama Kadzo, amevikwa shada la maua. Hajasahau habari ya nyasi. Alipomwona tu Gedion anamimina, akachomoka, akanikokota hadi kwenye bwawa la kuogelea, tukaingia pamoja. Yeye akatoka mwenyewe. Mimi nilitolewa na Gedion kwa nguzo ya mwavuli. Wageni wakapiga picha, wakaomba turudie. Meneja anasema tangu afike pwani hajaona sherehe kama hii.

Gedion akaniletea taulo na glasi ya bok. Nikainywa yote. Sikumshukuru. Labda kidogo.

Jumapili, 3 Mei

Nimetafakari kanisani, mahubiri yote. Kosa langu nimeliona. Friza la samaki! Ningetumia la nyama, Gedion angekwisha.

Lakini hayo yamepita. Claire ameniambia Waswisi wanataka mtu wa kuwaongoza kupiga mbizi kwenye matumbawe, mzoefu, asiyeogopa kina. Nimekimbia kwa meneja na mashuka mkononi, nikamwambia nimelelewa majini. Amekubali!

Kuogelea sijui. Lakini safari ni kesho, na alasiri yote ya leo ni yangu.