Pull Kumi na Sita za Mumbere

Redio ya Mama Adèle ilitangaza, na kijiwe chake cha kahawa kikawaka. Wakubwa wa vita walioshika Kisangani wameamua: nguo zote ziuzwe kwenye depo moja tu, bandarini, zikishapimwa na kupigwa muhuri. Isiyo na muhuri itachukuliwa.

Mumbere alitua kikombe. Chini ya benchi ilikuwa ballot yake ndogo, robota la mitumba kutoka Butembo. Ballot hununuliwa ikiwa imefungwa, unaomba Mungu. Yeye aliomba chemise, mashati mepesi. Akafungua, akakuta pull, sweta kumi na sita za sufu nzito, katika muji ambamo hata mbuzi inatoka jasho.

"Nimekufa," alisema. "Mutaji yangu yote iko humu."

"Bon, hii si mupya," alisema Wenceslas, mwalimu wa historia asiyelipwa tangu vita ianze, ambaye walimwita Dictionnaire, kamusi. "Angleterre, zaidi ya miaka mia sita nyuma, sufu ya kwenda nje ilipita muji moja tu, ule mufalme alichagua. Kitambaa kinapimwa, kinapigwa muhuri. Kikipunguka kipimo, mufalme anachukua."

"Kumbe barrière ya kukamata mali ya watu si sisi tuliivumbua," alisema Ismaël, mwendesha toleka, mkono juu ya usukani wa baiskeli yake ya abiria.

Mumbere alijikuna shingo. "Prof, ile sheria ilishika na nguo ya mwilini?"

Wenceslas hakujua, lakini tangu lini alikubali kwamba hajui? "Ya mwilini si marchandise, si mali ya kuuza. Iko mutu."

Basi wakavaa. Wanne, pamoja na Mama Adèle, pull nne kila mmoja, saa sita juani, kahawa ya moto mkononi. Askari akafika na fimbo ya kupimia, akawatazama jasho likiwachuruzika.

"Munagonjwa nini?"

"Malaria, chef," alijibu Ismaël.

"Wote?"

"Benchi moja, mbu moja."

Askari akarudi nyuma hatua mbili, akaenda zake.

"Aksanti, bandeko, ndugu zangu," alisema Mumbere, machozi karibu. "Sasa muvue."

Hakuna aliyevua. Wingu lilikuwa limepanda juu ya mto, na upepo wa mvua ukaanza kupuliza baridi.

"Papa Mumbere," alisema Mama Adèle, akikusanya vikombe, "Prof alisema nini? Ya mwilini si marchandise."

Ismaël alikuwa ameshakanyaga pedali, pull nne mwilini.

Mumbere akamgeukia Wenceslas. "Prof, hata wewe?"

"Donc, mimi nivunje sheria?" Wenceslas akavuta kola mpaka masikioni, akaondoka.

Mumbere akabaki na zake nne, na hata hizo hazina muhuri.