Nderema za Wakwe

Jumatatu, 1 Machi 1954
Mkunga wa misheni, Singida Mjini, amekubali kunifundisha kazi baada ya Pasaka. Leo Baba kasema Alhamisi wanakuja wageni kutoka Mitundu, kuniposa kwa ajili ya kijana wao Kefa. Nilitaka kukataa. Nikasema, ndiyo Baba. Huu mdomo wangu.

Jumanne, 2 Machi
Nimepata njia. Shangazi wa mwoaji ndiye anayeonja mapishi ya binti. Asiporidhika, wanaaga. Basi sitasema kitu, nitapika. Nyuma ya zizi mboga za nderema zimetambaa mpaka juu ya ua. Majani manene, yanateleza hata kabla ya kuiva. Nitazidisha magadi, karanga sitii. Mdogo wangu Luciana kauliza kama kapu lote hilo ni la watu au la ndama. Nikazidi kuchuma.

Alhamisi, 4 Machi
Wamefika. Shangazi yao, Mama Theresia, ni mnene na amenuna. Shikamoo yangu kaiitikia kwa shida. Nikapiga magoti, nikatenga ugali wa uwele na mboga. Nderema zilivutika kutoka bakulini hadi kidevuni. Kefa alimega tonge moja, akaomba maji ya kunawa. Moyo wangu ukatulia. Shangazi akala. Akaongezwa. Akaomba tena. Luciana kaninong'oneza kuwa nianze kufungasha.

Ijumaa, 5 Machi
Shangazi kaenda chooni alfajiri. Kakaa sana. Karudi anaimba. Kamwambia Mama kwamba tangu apande lori kule kwao tumbo lilikuwa limefunga, na yeye kwa aibu hakusema. Eti wazee wao hutumia nderema kwa shida hiyo hiyo, wasichana wa leo hawajui, ila huyu kamtazama usoni tu akaelewa. Kefa kasema mboga ilikuwa na magadi mengi. Kaambiwa anyamaze, tumbo si lake. Baba amekubali posa. Luciana kacheka mpaka kakaa chini.

Jumapili, 7 Machi
Wameondoka. Shangazi atarudi wiki ijayo kupanga siku ya harusi. Ameomba nimpikie nderema zile zile. Nimelifikiria jambo hili wakati wote wa mahubiri, na kosa langu nimeliona. Niliogopa, nikapika kidogo. Safari hii nachuma makapu mawili, na magadi natia mara mbili. Akishakula hizo, hatanitaka tena.