Dawa ya Kikohozi cha Mwenyekiti

Jumatatu, 2 Machi 1981. Buganguzi.

Mvua. Naanza shajara leo. Nitakapokuwa mtu mkubwa watu watataka kujua nilianzaje, na sipendi wahangaike.

Ildefons Byabato, kidato cha sita, karani wa mizani ya kahawa ya kijiji. Karani kwa muda tu! Siku hizi Chuo Kikuu hakikuchukui mpaka ufanye kazi kwanza, kisha tawi la Chama likupendekeze. Kazi nimefanya. Limebaki tawi. Kamati inakaa Jumamosi, na kwa masomo ya afya itapendekeza jina moja tu. Tupo wawili. Mwenzangu ni Kokuhirwa, binti wa mchungaji, anayefundisha watu wazima kusoma. Msichana mkimya. Nawaogopa wakimya.

Mama amekwisha kutangaza mpaka Kagoma kwamba nitakuwa daktari. Sikumkatalia. Lakini Krismasi nilishika miguu ya kuku akichinjwa, nikazinduka nimelala chini ya mgomba na kuku keshaingia chunguni. Kwa hiyo udaktari, hapana. Famasia! Koti jeupe, chupa, mizani. Mizani naijua. Damu hakuna.

Jumanne, 3 Machi.

Nimekwenda kumshauri Kokuhirwa, kwa moyo mweupe kabisa. Nikamwambia famasia ni mateso: kusimama kutwa, kupima, kuhesabu vidonge, ukikosea kidogo umeua mtu. Yeye na huruma yake achukue uuguzi. Akauliza kama kweli ni kupima tu, bila kelele za wagonjwa. Nikasema kelele hakuna, ni upweke wa kutisha. Akasema atafikiri. Amekwisha huyo.

Nimerudi nikafungua kitabu nilichoazima misheni. Kumbe kuna famakolojia! Mfamasia anatengeneza dawa, lakini mtu wa famakolojia anamtazama mwenzake akiinywa, halafu anaandika kilichompata. Kutazama! Kazi hii niliumbiwa. Na jina lenyewe refu zaidi, lazima na mshahara.

Jumatano, 4 Machi.

Baiskeli hadi zahanati ya misheni, kumweleza Sista Alistidia uamuzi wangu. Alinisikiliza huku anafunga kidonda cha mtu. Mimi nikatazama dirishani. Akasema famakolojia ni somo zuri, ila huanzi nalo. Wanalisoma wanaosomea udaktari, nao huanza kwa kupasua maiti. Nikaomba maji ya kunywa.

Akauliza kwa nini nisichukue maabara. Maabara ni damu ndani ya vichupa. Afya ya jamii je? Hao hukagua vyoo. Mama atajitupa ziwani.

Basi, famasia. Uamuzi wa mwisho.

Njiani, pale kilimani ninaposhuka kuisukuma baiskeli, nikapata wazo. Mwenyekiti wetu, Mzee Kagaruki, anakohoa tangu mvua zianze. Anakohoa katikati ya kila hotuba, na hotuba zake zote ni za kupinga rubisi. Mlutheri aliyeokoka, pombe hajaigusa tangu kabla ya Uhuru. Nikimponya kikohozi kabla kamati haijapiga kura, Kokuhirwa atanisaidia kufunga sanduku langu.

Alhamisi, 5 Machi.

Siku ya sayansi! Sukari hakuna dukani, asali hakuna. Nikachukua omuramba wa Shangazi Georgina, maji ya ndizi aliyokamua asubuhi, tamu ajabu. Nikachemsha na majani ya mkaratusi. Nyumba ikanukia hospitali.

Tatizo: nyepesi. Dawa ya kikohozi ya hospitali huwa nzito. Jikoni palikuwa na kikapu cha unga wa mtama uliokaangwa. Ilipopoa nikatia viganja kadhaa, nikakoroga, nikajaza chupa. Vizibo nimechonga kwa magunzi ya mahindi. Nimezipanga karibu na mafiga zisipate baridi.

Shangazi ameuliza nani kagusa mtama wake. Nimesema kuku. Sijui anaufanyia nini. Mimi nimekulia bwenini, mambo yao ya hapa nyumbani yamenipita.

Ijumaa, 6 Machi.

Dawa inachemka bila moto! Kemia hiyo. Gunzi moja limeruka likampiga jogoo. Nikaonja kijiko: inakwaruza koo vizuri. Nikaonja tena, kwa uhakika. Nikaonja na chupa ya pili, maana mfamasia halisi haamini chupa moja.

Leo nampenda kila mtu. Hata Kokuhirwa. Hata jogoo.

Jumamosi, 7 Machi.

USHINDI.

Mzee Kagaruki alipokwama kwa kukohoa, nikasimama na chupa. Nikaeleza kwa unyenyekevu kwamba nimeitengeneza mwenyewe kwa malighafi ya kijiji, katika moyo wa kujitegemea. Makofi. Akanywa kijiko. Akasema kijiko ni uchoyo, aletewe kikombe.

Kikohozi kimya! Akasema kikohozi kilizishinda hospitali zote za Bukoba, na kijana wa hapa hapa amekiweza. Ghafla wajumbe wote wakaanza kukohoa. Katibu Mutembei, ambaye sijapata kumsikia akikohoa maishani mwake, alinusa chupa, akanitazama, akatabasamu, akakohoa kwa nguvu kuliko wote. Akasema nshomile wetu, msomi wa kijiji, atafika mbali.

Nimependekezwa kwa famasia, wote mikono juu. Kisha wakanipendekeza na kwa udaktari. Kisha mjumbe mmoja akapendekeza niwe Mkuu wa Mkoa. Mwenyekiti akaimba wimbo wa kanisani, halafu mwingine ambao kanisani sijausikia. Kokuhirwa alikaa nyuma, anaandika kitu. Wivu!

Jumapili, 8 Machi.

Balaa. Mke wa mwenyekiti, Mama Benadetha, alimpokea mumewe mlangoni, akamnusa. Leo Walutheri hawakumwona kanisani. Habari ilifika kwetu Wakatoliki kabla padri hajamaliza mahubiri.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, “Waitu Ildefons, omuramba ukitia mtama unakuwa rubisi. Mtoto wa miaka mitano anajua. Wewe huko shuleni walikuwa wanakufundisha nini?”

Nimemjibu kwamba rubisi haitiwi mkaratusi. Akacheka upya.

Jumatatu, 9 Machi.

Kamati imekaa tena. Mwenyekiti alivaa kofia mpaka machoni, hakunitazama. Mapendekezo yangu yamefutwa, yote, hata la Mkuu wa Mkoa. Amependekezwa Kokuhirwa. Wakamuuliza masomo gani. Famasia! Akasema Kaka Ildefons alimweleza vizuri sana: ni kazi ya utulivu, ya kupima kwa makini, na kosa dogo linaua mtu. Akasema Jumamosi ameona kwa macho yake kwamba ni kweli. Akanigeukia, akanishukuru. Nilitafuta dhihaka usoni mwake. Haikuwapo. Hilo ndilo lililoniuma.

Mutembei akapendekeza nikabidhiwe mtumbwi wa kukamulia ndizi kwenye kilabu cha kijiji, kwa kuwa kipaji kimeonekana. Wamecheka wote.

Niseme kweli, nimeumia. Nilikuwa nimekwisha kujiona na koti jeupe. Mama hakunilaumu. Alinipa akamwani, buni za kutafuna, kama mgeni, akaenda shambani. Heri angenigombeza.

Alhamisi, 12 Machi.

Mutembei kapita mizanini. Kainama, kaninong’oneza kwamba kikohozi cha mtu fulani kimerudi, na mtu huyo anauliza kama ilibaki chupa. Nikasema nimeacha famasia. Ni fani ya watu wasioona mbali.

Maana nimepata jibu! Meno. Nasikia Dar es Salaam wamekwisha kuanzisha. Kila mtu ana meno, mpaka wavuvi wa Goziba. Hakuna maiti, hakuna vyoo, hakuna mtama. Mwaka ujao kamati itakaa tena, nami nitakwenda na vitendo, siyo maneno.

Shemeji Clavery ana jino linamtesa toka Jumapili. Nimemwambia aje kesho asubuhi. Koleo la fundi seremala nimekwisha kuazima, nimelisugua kwa majivu, linang’aa. Mama nitamwita aje kutazama, apate la kutangaza Kagoma.

Damu? Nimelifikiria. Jino ni mfupa, na mfupa hauna damu.